Urojo wa Bi Mkubwa nyuma ya Darajani, nnavyoukumbuka na nlivyoukuta nliporudi

Niseme mapema kabisa, hii sehemu haina jina. Haijawahi kuwa na kibao na mpaka leo haina, ukiuliza "mkahawa fulani uko wapi" utazungushwa Mji Mkongwe wote mpaka miguu iume. Uliza "kwa Bi Mkubwa wa urojo". Unatokea soko la Darajani, unaingia Mkunazini kama mtu anayekwenda kanisani, halafu unaachana na barabara ya watalii unaingia vichochoroni, na harufu ya bajia utaipata kabla hujauona mlango. Ndani meza nne, mabenchi ya mbao, mlango wa nyuma unaotokea uani kwenye kisima na majiko ya mkaa. Basi, hiyo ndo sehemu yenyewe.

Nimekula pale karibu kila siku kuanzia 2007 nlipokuja Unguja kusoma Vuga mpaka 2013 nlipohamia Dar kikazi. Mie mtoto wa Wete, Pemba, nlikuja na begi moja na godoro, sijui mtu, chumba tulipanga watatu Michenzani na hakuna aliyejua kupika zaidi ya chai. Rafiki yangu ndo alinipeleka mara ya kwanza, akaniambia twende ukale urojo, nikamwambia urojo hata kwetu upo, akacheka akasema haya twende.

Sasa kwa wasioujua, mana najua bara watu wanaita "mix" na wengine wanadhani ni supu tu ya manjano iliyotupiwa kila kilichopo jikoni. Urojo ni rojo kwanza. Unga wa ngano unakorogwa na maji mpaka usiwe na donge hata moja, unatiwa manjano, unatiwa uchachu, unapikwa moto mdogo huku unakorogwa tu hauachi, mana ukiacha unashika chini na ukishika chini sufuria nzima inanuka moshi. Kisha ndo bakulini zinaingia viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, bajia za kunde, kachori, yai, mshikaki mmoja au miwili ukitaka, unamwagiwa rojo la moto, juu yake chatini ya nazi, pilipili, halafu muhogo uliokatwa mwembamba ukakaangwa mpaka ukawa mkavu unavunjwavunjwa juu. Ukila haraka muhogo unalia mdomoni, ukichelewa unalainika na huo nao ni utamu mwengine, mie nilikuwa naacha nusu ulainike makusudi.

Wa Bi Mkubwa ulikuwa tofauti kwa sababu ya uchachu. Yeye alikuwa hatii ndimu peke yake kama wengi. Msimu wa embe alichemsha embe mbichi akaziponda akachuja, msimu ukiisha akahamia ukwaju, na kila siku ukiingia tu kabla hata hujasalimia vizuri anakwambia "leo embe" au "leo ukwaju", ili ujue unakula nini. Kuna siku alikuja mzee mmoja mwezi wa saba akamwambia nataka wa embe, akamjibu taratibu kabisa, "baba, embe zimelala, na mie siwezi kuziamsha, kaa nikupe wa ukwaju na ukiwa hukuupenda hulipi". Yule mzee alikula bakuli mbili. Mie mwenyewe wa embe ndo chaguo langu, uchachu wake unakuja polepole na una harufu, wa ukwaju unakupiga mara moja. Ila najua watu wa maana tu wanaoapa kwa ukwaju, siwezi kugombana nao.

Bakuli lilikuwa shilingi 500 siku hizo, ukitaka mshikaki unaongeza. Na lilikuwa bakuli hasa.

Asubuhi kulikuwa na mbaazi za nazi na mandazi, na hapa ndo nnataka kukaa kidogo mana urojo wengi wanausifia lakini mbaazi zake nadhani ndo zilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Alikuwa anaroweka usiku, anachemsha alfajiri mpaka zikaiva lakini zisipasuke, kisha anatia tui la pili, lile jepesi, linachemka na kitunguu na pilipili mbichi na manjano kidogo, na mwisho kabisa ndo tui la kwanza, zito, na hapo hatoki jikoni hata ukimwita vipi, anakoroga mpaka linapoanza kuchemka tu anaepua. Alikuwa anasema tui likikatika ni kama umewapa watu mafuta na maji. Mandazi yake ya iliki, ndani matupu, unayafungua unachota mbaazi unajaza humo. Chai ya rangi yenye tangawizi. Nlikuwa nikila hivyo saa moja asubuhi sisikii njaa mpaka darasa la mchana liishe.

Chapati lakini hapana. Nampenda sana Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, lakini chapati zake zilikuwa na mafuta mengi na ngumu zikipoa, na yeye mwenyewe alikuwa anajua, ukiagiza chapati anakwambia "chukua mandazi mwanangu". Na supu ya pweza pia alikuwa hapiki, alisema pweza anataka mtu wake.

Sasa yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, kanga moja kiunoni moja kichwani, sauti ndogo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele wala wa kuchekacheka na wateja. Ukiingia anakuangalia usoni kwanza, halafu anauliza "ushakula leo?" na alikuwa anauliza kwa maana, si salamu, ukimwambia hapana tangu jana basi hukupewa urojo kwanza, unapewa kipande cha mkate wa ufuta na chai tumbo likae sawa, kisha ndo unaletewa bakuli. Alikumbuka nani hali pilipili, nani mayai yanamdhuru, nani ana mtihani wiki ile. Mie aliniita "mtoto wa Wete" miaka sita yote na jina langu nina hakika alikuwa analijua.

Na hakuuza kiporo. Chakula cha siku kinaisha siku hiyo hiyo. Alikuwa anapika kwa kipimo, sufuria moja kubwa ya rojo, ikiisha imeisha hata kama ni saa kumi na watu wamesimama mlangoni. Watu walikuwa wanamwambia Bi Mkubwa pika mbili, biashara hiyo inakukimbia, anawajibu sufuria mbili zinataka mikono minne na yeye anayo miwili.

Lakini kitu ambacho sitakisahau, na ndo hasa kimenifanya nikae niandike haya yote, ni habari ya nazi. Sisi wanafunzi kuna wakati pesa zinakatika. Mkopo umechelewa, nyumbani nako hawajatuma, mfukoni huna hata mia. Kwengine utakula kwa deni, unaandikwa kwenye daftari, na ukipita njia ile unainamisha kichwa. Kwa Bi Mkubwa hapakuwa na daftari. Ukimwambia leo sina, hakuuliza kwa nini wala lini utalipa, alikuonyesha kwa kidole mlango wa uani. Pale uani kuna mbuzi ya kukunia nazi, imekaliwa mpaka mbao imekuwa laini kama sabuni, na kando yake rundo la nazi. Unavunja mbili au tatu, unakuna, unakamua kwa kifumbu, unamkabidhi tui lake, unakula. Imeisha. Huna deni na yeye hana, na kesho ukija na pesa yako unaagiza kwa sauti kubwa kama kila mtu.

Mie mara ya kwanza nlikuwa sijawahi kukalia mbuzi maishani mwangu, kwetu dada zangu ndo walikuwa wanakuna, nikaona haya kidogo. Nikaikalia vibaya, nikaikuna ile nazi mpaka kifuu kikaanza kutoka unga wa rangi ya udongo. Akaja akasimama nyuma yangu, akaikamata ile kifuu mkononi mwangu akaizungusha. "Usifike kwenye kifuu. Unaona weupe unaanza kupungua? Simama hapo hapo. Ukifika kwenye kifuu tui linachafuka na mbaazi zangu zinachafuka." Akaondoka. Ile nazi yangu ya kwanza aliwapa kuku. Nikakuna nyengine.

Nnakumbuka tulikuwa vijana sita saba hivi tunaopokezana ile mbuzi, na wengine walikuwa wanakuja kukuna hata wakiwa na pesa, mana pale uani ndo kulikuwa na mazungumzo yenyewe. Mmoja wao leo ni daktari. Mwengine yupo Muscat, tukiongea kwenye simu lazima ataje uani kwa Bi Mkubwa.

Halafu kuna ule umeme wa Disemba 2009. Walokuwepo wanajua. Hitilafu ilitokea kwenye laini inayotoka bara kwa njia ya chini ya bahari, Unguja nzima giza, na giza lile likachukua kama miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Joto la Kaskazi, feni hakuna, friji zimegeuka makabati, na pampu haziendi kwa hiyo na maji nayo yakawa tabu. Majenereta yananguruma kwenye hoteli, na mafuta ya jenereta yanakula faida, kwa hiyo mahali pengi pa kula ama pamefunga ama pamepandisha bei. Kwa Bi Mkubwa hakikubadilika kitu. Alikuwa hana friji toka zamani, alikuwa anapika kwa mkaa toka zamani, samaki na nyama anakwenda kuchukua Darajani kila asubuhi kwa anachopika siku ile tu. Na kisima chake kikawa cha mtaa mzima. Asubuhi kuna foleni ya ndoo inaingia mlango wa mbele inapita katikati ya meza inatokea uani, wewe unakula mbaazi zako na ndoo zinakupita magotini, na hakumtoza mtu hata shilingi. Ulikuwa msimu wa embe ule. Tulikula urojo wa embe kwa taa ya chemli miezi yote ile, na nikiwaambia watu kwamba ni katika siku nzuri za ujana wangu wananishangaa.

Ramadhani alikuwa anafunga mchana kama watu wote na alasiri anatoa meza mlangoni: kaimati, tambi za nazi, viazi vikuu, muhogo wa nazi, bajia. Ikikaribia magharibi anatuita ndani sisi tusiokuwa na watu, anatandika mkeka pale uani, sinia moja kubwa. Futari ile haikuuzwa. Wala haikukuniwa nazi, mwezi mtukufu hakutaka utulipe kwa chochote, alikuwa mkali kabisa kwenye hilo.

Na kuna siku moja sina budi kuisema. Septemba 2011, usiku wa kuamkia tarehe 10, ile meli iliyokuwa inakwenda Pemba ikazama Nungwi, watu mamia wakapotea. Sisi Wapemba tuliokuwa Unguja hakuna aliyekuwa hana mtu mle ndani, kama si ndugu ni jirani, kama si jirani ni mtu mliyesoma naye. Nlizunguka toka alfajiri, nikaenda Maisara kwenye uwanja walikokuwa wanaletwa waliopatikana, nikatafuta jina la mtoto wa ami yangu. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Ninachotaka kusema ni kwamba mchana ule nlikuwa nimekaa chini kwenye majani, sijui saa ngapi, nikaona kanga ninayoijua. Bi Mkubwa kaja kwa miguu na binti yake, wana madumu ya chai na beseni la mandazi, wanapita kwa watu mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakuniambia pole wala nini, alikaa chini pembeni yangu akanipa kikombe akanishika mkono mpaka nikamaliza kunywa. Kisha akasema "ushakula leo?" Nikalia pale ndo mara ya kwanza siku ile.

Nlipohamia Dar nilikuwa kila nikienda nyumbani Pemba nikirudi napitia Unguja nampelekea mabungo, alipenda sana juisi ya bungo na alisema mabungo ya Pemba yana haki yake. Mara ya mwisho kumuona ilikuwa 2019. 2021 nikapigiwa simu kwamba amefariki. Sikuwahi maziko. Toka hapo nikawa sipiti tena ule mtaa, nikija Unguja nashuka boti napanda gari naondoka, mana niliona nitakwenda kuangalia nini.

Mwaka huu ndo nimerudi. Nimekuja kwa harusi, jioni moja nikawa sina la kufanya, nikatoka Darajani nikajikuta nimeshaingia kile kichochoro. Mlango upo wazi. Bajia zinanuka. Na kabla sijasalimia sauti ikatoka ndani, "leo ukwaju!" Nlisimama kidogo mlangoni.

Ni binti yake, yule yule aliyebeba beseni Maisara. Amekuwa mtu mzima, ana watoto wawili wanaosoma kwenye meza ya pembeni. Hakunitambua mara moja, nikamwambia mtoto wa Wete, akaweka upawa chini akacheka mpaka akajifuta macho na kanga.

Sasa chakula, mana mnataka kujua. Urojo ni ule ule, nasema bila kumpendelea mtu. Rojo laini, hakuna donge, ukwaju wake umechujwa vizuri, kachori ina ndimu na pilipili ndani kama zamani, muhogo bado unalia. Chatini ya nazi ameiongeza kotmiri zaidi kuliko mama yake, mie naona imependeza. Bakuli sasa ni 2,500, kwa hali ya sasa na kwa ukubwa wa bakuli naona ni haki kabisa. Chapati amejifunza mahali, ni nzuri, laini, zina tabaka, hapo amempita mama yake na nilimwambia, akafurahi. Kiporo hauzi. Sufuria bado moja.

Mbaazi ndo zimebadilika kidogo. Nilirudi asubuhi yake makusudi kuzila. Ni tamu, mtu asiyezijua za zamani atazisifu na atakuwa sahihi, lakini tui limekuwa na rangi kidogo na lina kitu kama uzito mwisho wa ulimi. Nikamuuliza, akaniambia siku hizi anabanja nazi anatia kwenye blenda, vijana wa kukuna hakuna tena, kila mtu ana simu ya kutuma pesa na asiyekuwa nazo anabaki nyumbani. Blenda inasaga na ile ngozi ya kahawia inayogusana na kifuu, ndo hiyo rangi. Simlaumu hata kidogo, yuko peke yake na mikono yake miwili.

Kama mnakwenda, mbaazi wahini kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, urojo unaanza baada ya alasiri na mara nyingi saa kumi na mbili umeshaisha. Ijumaa asubuhi hafungui. Nendeni na pesa mkononi za chenji, na msimwombe wa kufunga mkachukue hotelini, atawafungia kwa sababu ni mpole lakini muhogo utakuwa umelowa mpaka mfike na mtakuwa hamkuula urojo wake. Kaeni. Watalii nao wanakaribishwa vizuri tu, nimeona wawili wamekaa benchi moja na wachukuzi wa sokoni wanaelekezwa namna ya kutia pilipili.

Nilipomaliza mbaazi nikatoa pesa akakataa. Nikasisitiza, akakataa tena, akasema mama angemgombeza. Basi nikamuuliza ile mbuzi iko wapi. Akaniangalia. Akaenda uani akaitoa nyuma ya madumu, ina vumbi, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaniwekea nazi tatu. Nimekalia pale na suruali yangu ya harusi, watoto wake wameacha madaftari wamekuja kutazama, na mkono umekumbuka wenyewe, ya kwanza ikatoka nyeupe safi. Ya pili nikawa naongea na wale watoto nikajisahau kidogo.

"Usifike kwenye kifuu," akasema kule jikoni, hata hakugeuka.